Mtaro wa Nyamirambo na Mtaro wa Kambini

Katika mwezi wa Agosti 2023, baada ya shughuli za ofisi yetu ya elimu kupungua, niliomba likizo ya siku kumi nikafunga safari ya kwenda Kigali, mji mkuu wa Rwanda, kumtazama dada yangu mkubwa aliyeolewa huko. Tulikuwa hatujaonana kwa zaidi ya miaka mitano. Mpaka wa Katuna ulifungwa Februari 2019, mwaka uliofuata ukaingia ugonjwa wa korona, na mpaka ulikuja kufunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Katika muda huo mama yetu alifariki dunia, nasi tukamzika huku dada akisikiliza mazishi kwa njia ya simu.

Hata hivyo, ndugu msomaji, sitaki kukuficha. Sikusafiri kwa ajili ya dada peke yake. Nilikuwa nimechoshwa na kambi.

Mume wangu ni askari polisi mwenye cheo cha koplo, nasi twaishi katika layini ya nyumba tisa zilizopangwa juu ya mteremko. Nyuma ya nyumba hizo unapita mtaro mmoja. Waliokulia kambini wanaufahamu mtaro wa namna hiyo bila ya kuelezwa: maji ya kufulia, maganda ya ndizi, majivu, makavera, na vitu ambavyo si adabu kuvitaja katika ukurasa unaosomwa na watoto. Nyumba yetu ni ya tatu kutoka juu. Ya tisa, iliyo chini kabisa karibu na kalavati, anakaa mama mmoja ambaye sote humwita Mama Mapacha.

Ugomvi wetu ulianza kwa kiatu. Wakati wa Pasaka kiatu kimoja cha plastiki cha rangi ya buluu, cha binti yangu mwenye umri wa miaka minne, kilitoweka. Nami, badala ya kutafuta, nikasimama mlangoni nikasema kwa sauti ambayo layini nzima iliisikia kwamba wapo watoto fulani wawili ambao mikono yao haitulii. Wiki tatu baadaye binti huyohuyo aliugua kuhara na kutapika. Tulilazwa hospitalini siku tatu usiku na mchana. Macho yake yaliingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi upesi, na alipolia hayakutoka machozi. Aliyewahi kumbeba mtoto katika hali hiyo hahitaji maelezo zaidi.

Daktari alimtibu vizuri, kisha akaniuliza swali moja: nyumbani mnanawia wapi mikono? Nikajibu kwamba tuna karai. Akauliza: karai moja, maji mamoja, watu wangapi? Nikanyamaza. Mimi nina cheti cha ualimu, ndugu msomaji. Kwa miaka sita kabla ya kuhamishiwa ofisini nilikagua kucha za wanafunzi kila Jumatatu asubuhi, na picha ya usafi niliibandika ukutani kwa mkono wangu mwenyewe.

Lakini aibu haikai mahali pamoja. Hutafuta mtu wa kumkalia. Niliporudi kambini niliona kwamba maji ya mtaro yametuama mbele ya nyumba ya Mama Mapacha, na kwamba ndipo watoto walipokuwa wakichezea. Nikakata shauri kwamba uchafu ni wake yeye ambaye umetuama kwake. Nikamwambia hivyo. Naye akanijibu maneno ambayo sitayaandika. Tangu siku hiyo hatukusalimiana tena.

Basi nilipanda basi Kampala asubuhi na mapema nikiwa na moyo mzito na mkoba mwepesi. Kutoka Kampala hadi Kigali ni mwendo wa kilomita mia tano hivi. Ukipita Kayabwe unauvuka mstari wa Ikweta, kisha Masaka, Lyantonde na Mbarara, nchi ya ng'ombe wenye pembe ndefu. Baada ya Ntungamo milima huanza kusimama. Karibu na Kabale baridi ilituingia hata abiria wakafunga madirisha, nami nikatazama namna watu wa Kigezi walivyoikata milima kuwa matuta, tuta juu ya tuta, kama ngazi. Hakuna mwenye shamba huko awezaye kusema kwamba udongo wa jirani wa juu haumhusu. Wakati ule niliyatazama kwa kupendezwa tu, nikapita.

Katuna nilionyesha kitambulisho cha taifa, kwa maana tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda waweza kuvuka kwa kitambulisho hicho bila ya pasipoti. Upande wa pili tuliambiwa tufungue mizigo. Nilidhani wanatafuta magendo. Kumbe walikuwa wakitafuta mifuko ya plastiki, ambayo Rwanda iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2008. Mkate niliomchukulia dada ulitolewa katika kavera, nikaununulia mfuko wa karatasi. Abiria mmoja mwanamume alinung'unika kwamba ni mambo ya kitoto. Nikakumbuka kwamba hata kwetu makavera mepesi yalitangazwa kuwa marufuku katika bajeti ya mwaka 2007, yaani mwaka mmoja kabla ya majirani zetu. Sisi tulitangulia kutangaza.

Ukishavuka, gari huhamia upande wa kulia wa barabara, na saa yako huna budi kuirudisha nyuma kwa saa moja. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pesa njiani.

Dada anakaa Nyamirambo, mtaa wa zamani wenye misikiti, mafundi cherehani na migahawa, ambako Kiswahili kilizungumzwa miaka mingi kabla ya kufanywa moja ya lugha rasmi za nchi hiyo mwaka 2017. Shemeji yangu ni fundi cherehani. Nyumba yao ni ya kawaida, vyumba vitatu, wala si kubwa kuliko yetu ya kambini. Mlangoni palikuwa na kitu kilichonishangaza: dumu la lita tano limening'inizwa kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili zenye panda. Chini palikuwa na kijiti, na kamba imetoka kwenye kijiti hadi shingoni mwa dumu. Mtoto wa dada alitoka chooni, akakikanyaga kijiti, dumu likainama, maji yakatiririka kupitia tundu dogo, akanawa kwa sabuni iliyofungwa kwa uzi, akaondoa mguu, dumu likarudi wima. Hakugusa kitu chochote ila maji na sabuni.

"Hii yaitwaje?" nikauliza.

"Kandagira ukarabe," akasema mtoto. "Maana yake, kanyaga unawe, Mama Mdogo."

Nilikaa nikakitazama kile chombo kwa muda mrefu. Hakina bomba wala mota. Tundu hutobolewa kwa msumari uliopashwa moto, chini kidogo ya shingo. Chini pamewekwa kokoto ili pasiwe na tope, na juu ya sabuni hufunikwa kopo tupu ili mvua isiiyeyushe. Maji ya dumu moja huwatosha watu wengi kuliko karai, na wa mwisho hupata maji safi sawa na yale ya wa kwanza. Wataalamu wa afya wamekadiria kwamba kunawa mikono kwa sabuni huweza kupunguza maradhi ya kuhara kwa kiasi cha theluthi moja hivi. Wakati wa korona kila ofisi kwetu iliweka ndoo mlangoni, na Ebola ilipoingia Septemba 2022 tukazijaza tena. Sasa ndoo ya ofisi yetu ina buibui ndani. Hatukuacha kunawa kwa sababu hatujui faida yake. Tuliacha kwa sababu hofu iliondoka, nasi tulikuwa tumenawa kwa hofu.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tarehe 26, dada aliniamsha mapema. "Amka, mdogo wangu. Leo ni umuganda. Wewe ni mgeni, hulazimiki, lakini duka hutalipata wala gari."

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, wananchi wenye umri wa miaka 18 hadi 65 hutoka kufanya kazi za mtaa wao: kuzibua mitaro, kupanda miti, kutengeneza njia, kumjengea nyumba asiye na uwezo. Maduka hufungwa, na barabara za Kigali, ambazo kwa kawaida zimejaa pikipiki, huwa tupu. Kazi ikiisha watu hukaa chini wakazungumza mambo yao.

Sisemi kwamba huko ni peponi, wala sipendi makala za wasafiri wanaokwenda siku kumi wakarudi na sifa tupu. Asiyetoka pasipo udhuru aweza kutozwa faini, na dada aliniambia bila kuficha kwamba wako wanaotoka kwa ajili ya faini hiyo. Jambo lenyewe lina historia nzito pia. Lilifanywa kazi ya kiserikali mwaka 1974, na katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 watu waliozoea kuitwa kufanya kazi pamoja waliitwa kuwaua jirani zao, na kuua huko kukaitwa "kazi". Mpango huo ulirudishwa mwaka 1998 ili watu walewale, au waliosalia miongoni mwao, washike majembe pamoja tena. Nilipowatazama wazee wa mtaa ule wakipokezana sepetu, nilijizuia kuuliza nani alikuwa wapi mwaka ule. Si swali la mgeni.

Kwetu nako jambo hili halikuwa geni. Waganda waliliita bulungi bwansi, na bibi zetu wanakumbuka ngoma iliyopigwa kuwaita watu kwenda kusafisha chemchemi na njia. Sitaki mtu aseme kwamba nimekwenda ng'ambo kujifunza kufagia.

Nilivaa viatu vya mpira vya shemeji vilivyonizidi, nikapewa sepetu, nikapangwa kwenye mtaro ulioteremka kandokando ya njia. Kigali ni mji wa vilima, na mvua inyeshapo kila njia yataka kuwa mto. Kando yangu alikuwa mama mmoja mnene, mwenye kitenge cha kijani, anayefanya kazi kama mtu anayedai. Tulipofika mbele ya geti moja lililofungwa nilidhani tutaliruka, kwa kuwa mwenyewe hakutoka. Yeye hakuruka. Alichimba pale kwa bidii zaidi kuliko alivyochimba kwingine.

Nikamwuliza, "Hapa ni kwako, dada?"

Akanijibu kwa Kiswahili cha Nyamirambo, bila kuinua kichwa. "Si kwangu. Mimi nakaa kule chini."

Nikaendelea kuchota udongo. Sikuelewa mara moja. Nilichota sepetu ya tatu, ya nne, kisha nikasimama, mikono juu ya mpini, nikautazama mteremko ule jinsi unavyoshuka hadi kwenye paa la nyumba yake. Na hapo, kilomita mia tano na zaidi kutoka kambini kwetu, kwa mara ya kwanza nikauona mtaro wa nyuma ya nyumba yangu kama ulivyo.

Nyumba yetu ni ya tatu kutoka juu. Ya Mama Mapacha ni ya tisa.

Maji niliyomwaga baada ya kufua yalikwenda wapi? Yale ya kuoshea sufuria? Na karai lile la mikono, ambalo mwisho wake huwa jeusi, nililimwagia wapi kila siku kwa miaka mitatu? Nilikuwa nikivuta kamba ya taka kutoka mlangoni kwangu hadi mlangoni kwake, kisha nikamshitaki kwa kuwa ameishika. Binti yangu alishuka kucheza na mapacha, akatia mikono katika maji ambayo baadhi yake mama yake ndiye aliyeyamwaga. Nikakumbuka pia kwamba mwezi wa Machi, kabla ya Pasaka, mapacha wale walikuwa wameugua tumbo, nami nikawaambia wenzangu bombani kwamba kwa mama yule hakuna usafi.

"Umechoka?" akaniuliza yule mama.

"Hapana," nikasema. Nikainama tena.

Saa tano tulikaa chini ya mti. Bibi mmoja aliyepita umri wa kulazimika alituletea maji ya kunywa. Mazungumzo yalikuwa kwa Kinyarwanda, dada alinifasiria. Walizungumzia taa ya njiani iliyokufa, kisha mzee mmoja anayewanyima watu njia, naye mwenyewe alikuwapo akajitetea, watu wakacheka, naye akacheka kwa kuchelewa kidogo. Haikuchukua hata saa nzima. Mwenye geti lililofungwa hakutajwa hata kwa neno moja, jambo ambalo lilinishangaza, kwa kuwa kwetu angekuwa ndiye ajenda ya kwanza.

Usiku ule nilimsimulia dada yote, hata la kiatu. Hakunipa pole. Alisema tu, "Mama angekuchapa," na kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kumtaja mama tukiwa pamoja tangu azikwe, tulilia kidogo, tukalala.

Siku zilizobaki zilipita upesi. Nilionyeshwa bustani ya jikoni, kijituta cha mboga karibu na mlango kinachonyweshewa maji ya kuoshea vyombo, na nikaona kwamba maji yale niliyokuwa nikiyatupa yangetosha kunilishia dodo na sukuma. Niliona pia madereva wa pikipiki wanaobeba abiria mmoja tu na kumpa kofia ngumu. Sisi tulioipa dunia neno bodaboda hubeba watatu na mbuzi. Lakini nilikuwa nimekwisha kuona nililolihitaji, na mengine niliyatazama kama mtu anayengoja basi.

Niliporudi Katuna niliipeleka saa yangu mbele, na ile saa moja niliyoiokota nikairudisha.

Mume wangu alicheka nilipomwambia anitafutie dumu la lita tano na miti miwili yenye panda, ila aliitafuta. Jioni moja ilitosha kulisimamisha. Binti yangu alilikanyaga mara nyingi hata maji yakaisha, tukalijaza tena. Karatasi ya maji ya chumvi na sukari aliyonipa daktari niliibandika ukutani jikoni, na kwa ajili ya mama mwingine ninainakili hapa: vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vilivyosawazishwa visifurike, katika lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Mpe mtoto anayehara kidogo kidogo, na ukiona macho yameingia ndani usikae nyumbani.

Kubandika karatasi ni kazi rahisi. Jumamosi ilipofika nilichukua sepetu saa moja asubuhi, nikaanza nyuma ya nyumba yangu kuteremka. Majirani walichungulia. Mmoja aliuliza kama nimepewa adhabu. Nilipita nyumba ya nne, ya tano, ya sita. Jua lilikuwa limepanda nilipofika ya tisa, na Mama Mapacha alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Umekuja kuchukua nini?" akauliza.

"Nimekuja kuzibua," nikasema. "Maji haya mengi ni yangu."

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengine marefu zaidi, niliyoyatunga ndani ya basi, yenye kuomba radhi kwa utaratibu. Hayakutoka. Yeye akaingia ndani akafunga mlango. Nikafanya kazi peke yangu hadi karibu na kalavati, nikaona inatosha, nikaanza kufuta sepetu.

Mlango ukafunguka. "Hujamaliza," akasema. "Ndani ya kalavati kuna gunia. Mimi limenishinda peke yangu tangu Januari."

Akawatuma mapacha walete waya wenye ndoano. Yeye akashika waya, mimi nikamshika yeye kiunoni asiteleze, tukavuta. Gunia lilitoka kwa mkupuo, na nyuma yake makavera juu ya makavera, tope jeusi, kijiko, kichwa cha mwanasesere, na kiatu kimoja kidogo cha plastiki ambacho chini ya tope kilikuwa cha rangi ya buluu.

Tulikitazama sote wawili. Mapacha nao walikitazama, kisha wakanitazama mimi.

Mama Mapacha alikiokota, akakisuuza katika maji yaliyoanza kupita, akakigeuza akakipima kwa macho dhidi ya mguu wa binti yangu, aliyekuwa ameteremka kutufuata.

"Hakimtoshi tena huyu," akasema, akanipa.